Kifua Kikiinuka

Wiki tatu zilizopita nilirudisha funguo za kabati la dharura, nikatia sahihi, nikapewa keki na blanketi la maua. Tangu hapo niko nyumbani kwangu Ngoingwa, na bado ninaamka saa kumi na moja alfajiri kana kwamba zamu inaningoja. Vijana wa kazualti, idara ya dharura ya hospitali, walikuwa wameniomba niwaandikie kidogo kuhusu miaka yangu, nadhani wakitarajia ukurasa mmoja wa kubandika ukutani. Nimenunua daftari. Anayetaka kujua nilipandishwa cheo lini na mara ngapi aulize ofisi ya wafanyakazi. Wao wana faili, mimi sikumbuki vizuri. Nitaandika kuhusu jambo moja, kwa sababu nimelifanya mara nyingi kuliko mengine na mpaka leo sijalizoea: kumpa hewa mtu ambaye moyo wake umesimama.

Siku yangu ya kwanza kazualti ilikuwa Thika. Nilivaa viatu vipya vilivyonibana na kofia iliyokataa kukaa kichwani, maana wakati huo manesi tulikuwa bado tunavaa kofia. Nilikuwa nimetoka chuoni na alama nzuri. Nilijua mifupa yote kwa majina. Mtu akifa mbele yangu, hilo nilikuwa sijaliona. Kabla hata ya chai ya saa nne, wanaume wanne waliingia wamembeba mwenzao juu ya bati. Alikuwa fundi wa kuezeka nyumba na umeme ulikuwa umempiga juu ya paa kule Kiandutu. Uso wake ulikuwa na rangi ya jivu lililonyeshewa.

Daktari alipanda kwenye kibao akaanza kukandamiza kifua. Mtu akanitia mkononi barakoa na begi la hewa, lile la mpira linalobanwa kwa mkono, akasema, "Sista, mpe hewa." Nikaikandamiza ile barakoa usoni kwa nguvu zangu zote, nikabana begi. Hewa ikatoka pembeni ikilia kama mtoto anayecheza na midomo. Nikabana tena. Ikalia tena. Kifua hakikusogea.

Mikono miwili ikatokea nyuma yangu. Ilikuwa mikubwa na mikavu, mikono ya mtu aliyelima utotoni. Ndivyo nilivyokutana na Bwana Wafula, mtaalamu wa dawa ya usingizi kwenye chumba cha upasuaji, ambaye alikuwa akiitwa chini kila mtu aliposhindwa kupumua. Alitoka pande za Bungoma, na alizungumza polepole hasa pale watu wengine walipokuwa wakipiga kelele.

"Sista, wewe unasukuma uso chini. Unaziba," alisema. "Usipeleke barakoa kwa uso. Leta uso kwa barakoa. Vidole hivi vitatu weka hapa, chini ya taya. Si kwa nyama. Kwa mfupa. Sasa inua."

Nikainua.

"Bana. Pole pole. Ukiona kifua kimekuja, achia."

Kifua kikainuka.

Sijui niwaelezeeje. Kilikuwa kifua cha fundi, kipana, na kilikuwa kimelala pale kama kitu kilichoachwa. Kisha nikabana mpira kwa vidole vyangu na kikaja juu, taratibu, kikashuka, kama cha mtu aliyelala usingizi wa mchana. Nilishtuka karibu niachilie taya. Nilimwangalia Bwana Wafula nikidhani atacheka. Hakucheka. Naye alikuwa anakiangalia kile kifua, na usoni mwake mlikuwa na kitu ambacho sikukitegemea kwa mtu aliyefanya kazi hiyo miaka mingi. Alikuwa anastaajabu, kama mimi.

Yule fundi hakurudi. Tulifanya kazi mpaka daktari akasema inatosha. Mimi nilienda nikajifungia kwenye chumba cha shuka nikalia, na kofia ikaanguka. Bwana Wafula alibisha mlango, akasimama nje bila kuingia.

"Hewa ulimpa," alisema. "Ilifika. Moyo ndio ulikataa. Hayo mambo mawili usiyachanganye, utaumia bure."

Niliyachanganya bado kwa miaka mingi. Lakini siku ile nilijua kazi yangu itakuwa pale, upande wa kichwa cha kitanda.

Vifaa vyetu vya wakati ule mngevicheka. Mashine ya kufyonza uchafu kooni ilikuwa ya kukanyagwa kwa mguu, kwa hiyo anayefyonza alionekana kama fundi cherehani aliyekasirika. Tulikuwa na vipande vya plastiki vilivyopinda, vya kuzuia ulimi usirudi nyuma na kuziba koo, na tulivichemsha tukavitumia tena mpaka vikawa na rangi ya chai. Tulikuwa na chuma kimoja chenye taa cha kuangalizia koo. Taa yake ilitumia betri mbili sawa kabisa na zile za redio ndogo, na sitasema ni nani, lakini kila kulipokuwa na mpira wa ligi betri zilitoweka. Nilianza kutembea na betri zangu mbili kwenye mfuko wa sare. Mume wangu aliwahi kuzikuta akifua nguo, akaniuliza ninaficha redio wapi.

Bwana Wafula alinifundisha kwa miaka tisa. Hakuwa na mihadhara. Alinishika mkono akauweka panapotakiwa. Alinifundisha kusikiliza: anayekoroma, ulimi umerudi; anayetoa sauti ya maji, fyonza; asiyetoa sauti yoyote, kimbia. Alinifundisha kubana begi hadi kifua kiinuke tu na si zaidi, kwa sababu hewa ya ziada inaenda tumboni, na tumbo likijaa chakula kinarudi juu kinaingia mapafuni. "Hapa hatupigi tairi upepo," alikuwa akisema. Na jambo alilolirudia mpaka nikaliota ni kwamba aliye kichwani asimsumbue aliye kifuani. Mikono inayokandamiza kifua isisimamishwe kwa sababu nesi anatafuta vifaa.

Baadaye nilitumwa kozi na nikaruhusiwa kuingiza mrija kooni, ule unaopita katikati ya nyuzi za sauti hadi kwenye njia ya hewa. Nilijiona mtu. Nadhani nilianza hata kutembea tofauti. Ndipo akaletwa mama mmoja muuza mboga, moyo umesimama, na mimi badala ya kuendelea na barakoa iliyokuwa ikifanya kazi vizuri nikasema, "Simamisheni, naweka mrija." Wakasimamisha. Nikauweka. Nikabana begi nikiwa nimetabasamu chini ya barakoa yangu.

Bwana Wafula aliweka stetoskopu juu ya tumbo la yule mama. Akasikiliza mara moja tu.

"Sista, unalisha tumbo upepo," akasema. Aliutoa mrija, akanirudishia barakoa mkononi, akamwambia aliyekuwa kifuani, "Endelea, usingoje sisi." Hakupaza sauti. Yule mama moyo wake ulirudi, na aliishi, na mimi nikashukuru Mungu nikiwa chooni ambako hakuna aliyeniona. Jioni Bwana Wafula alinikuta nikiosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

"Mrija si medali," alisema. "Mgonjwa anataka hewa. Yeye hana haja kujua umeipitisha na nini."

Alipostaafu alirudi kwao kufuga ng'ombe. Mimi nilihamia hospitali nyingine, ndogo, Ruiru, na huko nikapewa kusimamia kazualti. Sasa ndio nifike kwenye siku ambayo kwa kweli ndiyo iliyonifanya ninunue daftari.

Ilikuwa Jumanne, kama saa tano asubuhi, jua kali. Tulikuwa watatu: mimi, Daktari Mutua, kijana mrefu aliyetoka Machakos, mwenye mikono mizuri sana ya kukandamiza kifua, na Atieno, nesi aliyekuwa nasi kwa miezi minne hivi. Tuktuk iliingia hadi mlangoni kabisa ikipiga honi. Ndani mlikuwa na mzee wa miaka kama sabini, amelegea, midomo ya bluu, na mkewe amemkumbatia kichwa. Mzee alikuwa amevaa koti zito na skafu ya sufi ya kijivu iliyozungushwa shingoni, na nakumbuka nikiwaza, kwa joto hili?

"Alikohoa tu!" mkewe alisema. "Tulikuwa kwa steji tunangoja gari ya Thika, akakohoa, akakohoa, akaanguka!"

Tulimweka kitandani. Hana mapigo. Mutua akaanza kifua, Atieno akashika barakoa na begi. Mke alikuwa amening'ang'ania sare, ananivuta, akipiga kelele kwa Kikuyu. "Ngingo! Ngingo!" Yaani shingo, shingo. Mimi ni Mkikuyu, nilimwelewa vizuri kabisa. Nilielewa kwamba ameanguka vibaya na ameumia shingo.

"Mama, tumeelewa. Kaa nje, tuachie kazi," nilimwambia, na nikamsukuma. Sitalipamba hilo neno. Nilimweka mkono mabegani nikamsukuma nje, na soja, mlinzi wetu, akafunga mlango.

"Chunga shingo," nikamwambia Atieno. "Wamesema imeumia. Usikirudishe kichwa nyuma. Inua taya peke yake." Ilikuwa amri sahihi kabisa kwa mtu aliyeumia shingo. Na kwa sababu hiyo hiyo, tulipokata shati na koti kwa makasi, skafu hatukuigusa. Tuliiacha ilivyo, kwa uangalifu mkubwa.

Atieno alibana begi. Kifua hakikuinuka.

"Sista, haiingii," alisema.

Nilichukua mimi. Vidole vitatu chini ya taya, kwa mfupa. Barakoa imekaa, hakuna hewa inayotoka pembeni, hakuna ile sauti ya midomo. Nikabana. Hewa iliingia kwa urahisi. Lakini kilichoinuka kilikuwa tumbo. Nikaweka kile kipande cha plastiki cha kuzuia ulimi. Nikafyonza. Nikabana. Tumbo. Mutua alikuwa anahesabu kwa sauti, jasho likimdondokea mzee kifuani, na kila alipofika thelathini aliniangalia, nami nilibana mara mbili, na mara zote mbili tumbo lilivimba na kifua kikabaki kimelala. Nje mlango ulikuwa unapigwa. "Ngingo!"

"Kuna kitu kimemkwama," Mutua alisema bila kusimama. "Angalia koo, Sista."

Nilichukua chuma chenye taa nikamfungua mdomo. Nimeangalia koo za watu zaidi ya ninavyoweza kukumbuka. Ukiinua ulimi, unaona kifuniko kidogo, na chini yake nyuzi mbili nyeupe za sauti, zimekaa kama mapazia mawili, na katikati yake ndipo hewa inapopita. Nilinyanyua ulimi nikatazama. Hapakuwa na kitu kilichokwama. Pia hapakuwa na pazia. Hapakuwa na kifuniko. Pale ambapo kila mwanadamu niliyewahi kumwangalia ana njia, huyu alikuwa na ukuta laini wa nyama ya waridi, na nyuma yake njia moja tu, ya chakula.

Nilihisi nywele zikinisimama. Kwa muda mfupi, na ninaomba mnisamehe, sikuwa nesi. Nilikuwa mtu anayetazama kitu asichokijua. Nilijiuliza, mtu huyu amekuwa akiishi vipi? Amekuwa akipumulia wapi?

Na nilipojiuliza kwa maneno hayo, ndipo sauti ya nje ikaingia masikioni mwangu.

"Makasi," nikasema.

"Sista, shingo yake..." Atieno alianza.

"Makasi!"

Nilikata skafu kuanzia chini hadi juu. Katikati ya shingo ya mzee, juu kidogo ya mfupa wa kifua, kulikuwa na tundu. Lilikuwa la duara, ukubwa wa kifungo cha koti, kingo zake zimepona vizuri kama ngozi ya kawaida. Alikuwa amefanyiwa upasuaji zamani, akatolewa kisanduku chote cha sauti, na njia yake ya hewa ikaletwa mbele, ikashonwa hapo. Mdomo na pua yake havikuwa na uhusiano wowote tena na mapafu. Tungeweza kumpulizia mdomoni mpaka jioni. Na tundu lenyewe lilikuwa limezibwa na makamasi makavu, magumu kama gundi ya seremala.

Nilitia mrija wa kufyonzea. Ukagonga. Nikadondoshea maji ya chumvi kidogo, nikashika ncha ya lile gamba kwa koleo, nikavuta. Likatoka zima, refu kama kidole cha mtoto. Mutua hakuacha kukandamiza hata mara moja, na kila alipokandamiza sasa, tundu lilitoa mlio mdogo. Fff. Fff.

"Oksijeni, na barakoa ya mtoto mchanga," nikamwambia Atieno. "Ile ndogo, ya duara." Hakuuliza. Alikimbia. Niliiweka ile barakoa juu ya tundu, ikakaa sawasawa kana kwamba ilitengenezwa kwa ajili hiyo. Atieno akafunika mdomo na pua ya mzee kwa kiganja, nami nikabana begi.

Kifua kikainuka.

"Wee!" Mutua alisema. Daktari mzima.

Tuliendelea. Thelathini, mbili. Thelathini, mbili. Midomo ikaanza kuacha ule ubluu. Dawa ya moyo ikaingia kwenye mshipa. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Atieno aliandika, mimi sikuwa na macho ya saa. Kisha Mutua akasimamisha mikono kuangalia, akaweka vidole kwenye mshipa wa paja la mzee, na uso wake ukabadilika.

"Yuko," alisema. "Sista, yuko. Gusa mwenyewe."

Niligusa. Ulikuwa mpigo dhaifu, wa haraka, kama kuku aliyeshikwa. Na nikiwa bado nimeinama hivyo, mzee alikohoa. Kikohozi hicho hakikutoka mdomoni. Kilitoka shingoni, kikanipiga usoni, miwani yangu ikajaa uchafu. Sijawahi kupakwa kitu kizuri namna hiyo.

Nilifungua mlango mimi mwenyewe. Mkewe alikuwa amekaa sakafuni, sauti imemwishia kabisa. Alikuwa anaitwa Mama Nduta, wanatoka Kalimoni, ambako wana shamba dogo la mahindi na sukuma. Aliniangalia na hakuniuliza kama amepona. Alisema kwa sauti ya kukwaruza, "Sista, nilikuwa nawaambia."

"Ulituambia, Mama," nikasema. "Nilikusikia. Sikukusikiliza."

Nilikaa chini hapo sakafuni kando yake, na sare yangu ilivyokuwa, na tukakaa. Baadaye kidogo aliniuliza kama nina kitambaa safi, nikadhani anataka kujipangusa machozi. Alichukua kile kitambaa akanivua miwani, akaipangusa, akanirudishia.

Mzee aliitwa Gitau. Alikuwa amefanya kazi ya unyapara katika kiwanda cha nguo Thika, na sauti yake, Mama Nduta aliniambia, ilikuwa inasikika juu ya mashine zote. Saratani ya koo iliichukua miaka sita kabla. Alikuwa na aibu ya lile tundu, hasa watoto walipoliangalia, ndiyo maana ya skafu kwenye jua. Tulimpeleka hospitali kubwa yenye chumba cha wagonjwa mahututi, na siku ya tano nilienda kumwona. Alikuwa ameketi. Niliingia nikiwa na hofu, kwa sababu mtu anaweza kurudi moyo wake bila akili yake kurudi, na hilo ninyi mnalijua.

Alinitazama. Akachukua daftari na penseli, akaandika kwa mwandiko mzuri wa zamani, akanigeuzia: SKAFU YANGU IKO WAPI?

"Niliikata, Mzee," nikasema. "Nisamehe."

Akaandika tena: ALIIFUMA YEYE. UMWAMBIE MWENYEWE. Na mabega yake yakaanza kutikisika, na kutoka shingoni kukawa kunatoka pumzi fupi fupi, na ilinichukua muda kuelewa kwamba anacheka.

Jioni hiyo nilimpigia simu Bwana Wafula kwake kijijini. Nilimweleza kila kitu, pamoja na mkono wangu mabegani mwa yule mama. Nikasikia ng'ombe.

"Hiyo mimi sijawahi kukutana nayo," alisema mwishowe. "Miaka yangu yote. Nilisoma tu kwa kitabu. Sasa niambie tena pole pole. Ulipofungua mdomo, uliona nini?"

Nikamwambia tena. Alikuwa na maswali mengi. Alitaka kujua rangi.

Baada ya hapo nilibadilisha mambo mawili pale Ruiru, na mojawapo lilinipa maadui. La kwanza, tulikubaliana kwamba kila mgonjwa aliyepoteza fahamu shingo yake inafunuliwa na kuangaliwa, awe ameumia au hajaumia. Hilo hakuna aliyepinga. La pili, ndugu mmoja anabaki ndani, karibu na mlango, na mmoja wetu kazi yake ni kumuuliza na kumsikiliza. Wengine walilalamika kwamba ndugu watazimia, watapiga kelele, watatushtaki. Kuna waliozimia. Mmoja alizimia juu ya Mutua. Lakini tumeambiwa mengi pale mlangoni ambayo hakuna mashine ingetuambia.

Mwaka uliofuata tulikuwa na darasa la wanafunzi wa uuguzi, kumi na wawili, na nilikuwa nimeandika ubaoni kila kitu kuhusu njia ya hewa. Walikuwa wananakili bila kuangalia. Nilikuwa nimemwomba Mzee Gitau aje, bila kutarajia kwamba atakubali. Alikuja na Mama Nduta, amevaa tai. Alikuwa na skafu mpya, ya bluu, na Mama Nduta alikuwa ameshona juu yake kwa uzi mwekundu, herufi kubwa ambazo mtu angesoma akiwa ng'ambo ya barabara: NAPUMULIA HAPA.

Alikaa kwenye kiti mbele yao. Akaivua ile skafu mwenyewe, akaikunja, akaiweka magotini.

"Njooni mmoja mmoja," niliwaambia. "Weka kiganja hapa mbele, usiguse. Subiri."

Walikuja. Wa kwanza alikuwa msichana aliyeogopa sana, akaweka mkono mbali kabisa. Mzee akaushika mkono wake akausogeza karibu. Nikaona macho ya yule msichana yakifunguka. Mwingine, kijana mchangamfu, alimwita babu kwa Kikuyu, akamuuliza, "Guka, harufu unasikia?" Mzee akaandika: SISIKII. HATA YA HOSPITALI YENU. Wakacheka, na baada ya hapo hawakuogopa tena. Mmoja alirudi mara ya pili akijifanya hakupata nafasi.

Walipomaliza, Mzee Gitau alinitazama na kuninyooshea kidole, kisha akaonyesha shingo yake. Mama Nduta akasema, "Anasema na wewe pia."

"Mimi nimeshaona, Mzee," nikasema. Akatikisa kichwa, akaonyesha tena.

Kwa hiyo nikaenda nikasimama kando ya kiti chake, mbele ya wanafunzi wangu, na nikaweka kiganja mbele ya lile tundu. Mwanzoni sikuhisi kitu. Kisha ikaja, ya joto, yenye unyevu kidogo, ikanigusa katikati ya kiganja, ikaondoka. Ikaja tena. Miaka yote ile nilikuwa nimepeleka hewa kwa watu, nimesukuma, nimebana, nimehesabu. Hapo sikuwa nabana chochote. Mikono yangu haikuwa na kazi. Nilisimama tu, na yeye akawa anapumua.